Jumapili Nne za Kujitambulisha

Mpulungu, Zambia
Jumatano asubuhi

Mama Furaha mke wangu,

Kwanza niambie goti lako linaendeleaje, na kama mfereji wa shamba letu la Luberizi umezibuliwa, kwani niliuacha umejaa magugu na sikupenda kukuachia kazi ile. Mimi ni mzima. Usingizi ninao, na samaki nakula kila siku, samaki wa ziwa letu lilelile, ila huku wanamkausha mpaka anakuwa kama ubao. Kinachonipungukia ni uvumilivu.

Naandika kwa sababu simu yako inalia kwa jirani, na habari hii sitaki uisikie kwa mdomo wa jirani. Najua macho yako yanatafuta jambo moja tu: kama nimempata kaka yako Bahati, baada ya miaka yote hii tangu vita. Litafika. Lakini lazima nieleze kwanza, usije ukadhani majuma haya yote nilikuwa nimelala.

Unakumbuka tulivyopanga. Msafara wa kanisa unakuja huku kuhubiri, na mimi, pamoja na kuhubiri, nitamuulizia. Nilianza sokoni siku ya pili. Sikupata kitu. Wakongomani waliokimbilia huku wakati wa vita hawampendi mtu mgeni anayeuliza majina. Wanakutazama, wanasema hawajui, wanaendelea kupanga nyanya zao. Mchungaji mwenyeji akanishauri vizuri: “Uliza kanisani, mbele ya watu wote. Wakiona ni nani anayeuliza, na kwa nini, watasema.” Kwa hiyo nilichohitaji ni dakika mbili za ibada. Dakika mbili tu.

Sasa uelewe jinsi ibada ilivyo huku. Wenyeji wetu hawana jengo. Wanaazima ukumbi wa shule kuanzia saa tatu, na saa tano kamili wanaingia waumini wa kanisa jingine, wana ngoma zao mlangoni, hawangoji mtu. Tena kila tunalosema linatafsiriwa kwa Kibemba, kwa hiyo saa mbili zetu kwa kweli ni saa moja.

Na sisi tulikuja na Mzee Kashindi, mtu wetu wa protokole, mwenye kupanga nani asimame lini. Unamjua.

Jumapili ya kwanza alitusimamisha mmoja mmoja, wote ishirini na wawili. Kila mmoja akasema jina, kazi yake kanisani, mke au mume, idadi ya watoto, na mtaa anaotoka pale Uvira, kisha “Bwana asifiwe” mara tatu. Mkalimani akarudia hata idadi ya watoto. Kati ya kila watu watano kwaya iliimba wimbo wa kuwakaribisha, kana kwamba hatukuwa tumekwisha kuingia. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho kwenye orodha. Ngoma zikagonga mlangoni nikiwa nimekaa. Hata mhubiri wetu hakuhubiri.

Tulipotoka nikamwambia Kashindi, “Jumapili ijayo tupunguze.”

“Mwalimu, minye siwezi kumuruka muntu,” akasema. “Nikimuruka mama wa kwaya, tutarudi Uvira namna gani? Weye ulikuwa direkta wa shule. Liste iko liste.”

“Orodha yako imemla mhubiri.”

“Mhubiri iko na Jumapili zingine.”

Jumapili ya pili zilikuwa salamu za nyumbani: za wazee, za akina mama, za vijana, za wagonjwa. Ndiyo, hata wagonjwa walikuwa na msemaji. Jumapili ya tatu tulitoa zawadi ya mchele wa Luberizi, na mchele ule ulichezwa kuanzia mlangoni mpaka mimbarani, hatua mbili mbele, moja nyuma. Nilitazama saa yangu mpaka nikaona aibu, nikaivua.

Jumapili ya nne, yaani hii iliyopita, mchungaji mwenyeji mwenyewe akaniita mbele. Akanipa dakika tano, zaidi ya nilizoomba. Hapa, Mama Furaha, naomba usicheke. Niliona kwamba watu hawa hawajui tunakotoka, na jina bila mahali halishiki. Nikaanza na mto Ruzizi, unakotoka na unakomwaga maji. Nikaeleza bonde, na Kamanyola, na jinsi mipaka mitatu inavyokaribiana pale. Nikaeleza Nyakabere mlikozaliwa, na mfereji ambao baba yenu aliuchimba kwa jembe hadi kwenye mpunga. Nilikuwa bado kwenye mfereji ngoma zilipogonga. Jina la Bahati sikulitaja.

Kashindi alinishika mkono mlangoni. “Mwalimu, umeongea muzuri. Lakini ulikuwa unaomba nini?”

Nilichomoa mkono nikaenda zangu. Hasira yenyewe haikuwa juu yake.

Jana mchana akaja mtu nyumbani ninapolala, amevaa sare ya mlinzi, nywele zimeanza mvi. Alikataa kiti. Akasema analinda chumba cha barafu cha samaki, na Jumapili huingia kazini saa nne na nusu. Jumapili tatu alikuwa amekaa nyuma kabisa, akingoja asikie mtu wa kwao, na kila mara kazi ilimtoa tukiwa bado tunajitambulisha na kusalimia. Jumapili hii alisikia Kamanyola, akabaki. Aliposikia mfereji alijua ni wa nani. Alifika kazini amechelewa, wakamkaripia.

Hanijui, maana aliondoka kabla sijakuoa. Sikumwambia mimi ni nani. Akaniuliza jambo moja.

“Mzee, ule mama wa pale kwenye mufereji, alikuwa mugonjwa. Walinituma dawa Kamanyola. Alipona?”

Wewe unajua mimi huanza mwanzo. Nilisema neno moja tu. “Alipona.”

Ndipo akakaa. Baadaye nikamwambia yaliyobaki: kwamba mama aliishi akawaona wajukuu, kwamba alifariki akiwa mzee na kitandani mwake, na kwamba binti yake ni mke wangu. Alilia bila sauti. Nikamletea maji ya kunywa.

Kashindi amekwisha kusikia na anataka amtambulishe Jumapili. Nimekataa.

Nisalimie mama mdogo wako wa Kamanyola, yeye ambaye hakuacha kuweka sahani ya Bahati sikukuu. Umsalimie mkwe wetu fundi, na mjukuu anayeshika jina la mama. Mwambie jirani mwenye simu kwamba simdharau.

Mistari ya chini si mwandiko wangu. Nimempa kalamu nikatoka nje.

Mumeo mwenye maneno mengi,
Baba Furaha

Dada, ni minye Bahati. Ile dawa niliinunua. Vita ilinikuta nayo mufukoni. Nitakuja na hawa wazee wakirudi.