Nilikuandika Marehemu ili Nifungue Akaunti ya Hisa

Kwako Baba, popote walipokupeleka,

Juma lililopita ulikufa kwa homa. Ulifia kitandani kwako, hapa Kimemi mjini Butembo, mkeo na watoto wako wakiwa wamekuzunguka. Ndivyo karatasi inavyosema, ina muhuri wa bluu, na saini iliyo chini yake ni yangu. Tangu siku ile najionea kinyaa. Ndiyo maana nakuandikia mbele za watu, si kwa siri.

Yote yalianza na zile hisa zako. Unakumbuka uliporudi kutoka Kampala, wakati wa ile vita ambayo askari wa kigeni walikuwa wamejaa mjini kwetu? Ulikuwa umepeleka kahawa kupitia mpaka wa Kasindi. Mama alikuwa anangoja kitenge, mimi nangoja viatu vya shule. Ukafungua begi ukatoa bahasha ya kaki, na ndani yake karatasi tatu nene zenye jina lako limepigwa kwa mashine. Ukasema kuanzia leo una kipande chako katika kampuni kubwa. Mama alizigeuza mbele na nyuma.

“Njo kitenge yangu hii? Sasa tutaipika na sombe?”

Ulicheka mpaka ukakohoa. “Mama Masika, hii basoda habataibeba. Haiko ya kuvala, haiko ya kukula.”

Na kweli askari walikuja, mchana kweupe, majuma machache baadaye. Walibeba redio, baiskeli, marobota ya mitumba, hata sufuria ya maharagwe iliyokuwa bado jikoni, wakamwaga maharagwe uani. Bahasha yako waliitupa sakafuni wakaikanyaga. Walipoondoka ulizipangusa zile karatasi kwa mkono wa shati, ukanigeukia: “Unaona, Masika? Bameacha ya maana.” Siku ile nilidhani hakuna mtu mwenye akili kukushinda Butembo nzima.

Baada ya hapo kila uliporudi Kampala ulileta gazeti kuukuu. Tulikuwa tunakaa kizingitini, kidole chako chini ya mstari, tukitafuta bei ya hisa katika zile namba ndogo kama chawa. Kiingereza hatukukijua, wewe wala mimi. Namba tulizijua. Ikipanda unanifinya shavu, ikishuka unasema gazeti limechapwa vibaya.

Halafu ukanunua shamba la kakao Mbau. Mama alikuambia barabara ile si nzuri siku hizi, ukamwambia kakao haijichumi. Asubuhi ulipoondoka uliniambia utakwenda kuangalia tu na kurudi. Walikuta pikipiki yako imelala kando ya njia, ufunguo ungali ndani. Wewe hawakukukuta. Wengine walisema waliona watu wa porini wenye bunduki wakikuswaga pamoja na wachumaji wawili, umejitwika gunia la kakao, unatembea. Unatembea, Baba. Hilo ndilo neno la mwisho tulilo nalo juu yako.

Miaka imepita, na Mama hajavaa nguo ya kilio hata siku moja. Parokiani wajane wana benchi lao, hakai hapo. Siku padri mpya alipomwuliza kwa heshima, alimjibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu: “Mimi niko na bwana, mon père. Hayuko tu ku nyumba.” Hakuna aliyemwuliza tena.

Mwaka huu ndipo tulipopata habari kwamba karatasi kama zako zimekwisha kazi. Hisa sasa zinakaa kwenye akaunti ya elektroniki, mtu ananunua na kuuza kwa simu yake akiwa ameketi dukani. Nilifurahi, sitakuficha. Nauza sabuni na mafuta ya mawese, na nilijiona tayari mtu wa hisa kama wewe. Nikajaza fomu ya wakala wa Kampala: jina, picha ya kadi, picha ya uso. Haikuwa kazi. Nilikuwa hata nimekwisha chagua kampuni nyingine ya kununua.

Ndipo wakauliza habari zako. Ama mwenye hisa aje mwenyewe atie kidole, ama warithi walete cheti cha kifo. Nilisoma ukurasa ule kutoka juu mpaka chini. Mtu aliyechukuliwa barabarani akiwa mzima hawana mahali pa kumwandika.

Baba mdogo alipopata habari alipanda gari kutoka Beni siku ileile. Ndugu yako huyu hakuja Mama alipougua, hakuja paa lilipong'olewa na upepo, lakini kwa hisa alifika hata kabla sijatia maji ya ugali motoni. Akanipeleka kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Karani akauliza ulikufa kwa ugonjwa gani.

“Hapana kufa,” nikasema. “Balimubeba ku Mbau.”

Karani akaweka kalamu chini. “Mama, ukiandika balimubeba, ile ni dosiye ya tribunal, ya kupeleka kwa majaji. Utangoja mpaka uzeeke. Weka malaria. Malaria iko muzuri, haina maulizo.”

Malaria iko muzuri! Nikamtazama baba mdogo, nikidhani atagonga meza. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali. “Andika, Masika. Kaka alipendaka mambo iende mbele.”

Na mimi nikatia saini. Hakuna aliyenishika mkono. Nikapiga picha ile karatasi, nikaituma Kampala. Baada ya siku chache simu ikalia: akaunti imefunguka, hisa za marehemu zimeingia. Rangi ya kijani, namba zinapanda. Nilitabasamu, Baba. Nalichukia tabasamu lile kuliko saini.

Kumbe baba mdogo alikuwa amempasha habari chef wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, ati mambo yawe sawa pande zote. Asubuhi ya Jumamosi Mama alifungua mlango akakuta wanawake wa parokia wamejaa uani, wamejitwika kuni na maharagwe ya kilio.

“Munamubebea nani hizi kuni?” akauliza.

Wakatazamana. Mmoja akajibu polepole, “Ya muzee, mama. Tulisikia.”

Mama aligeuka akanitazama, akanyoosha mkono, nami nikaingia ndani nikaleta ile karatasi. Hasomi Kifaransa, kwa hiyo ilibidi nimsomee kwa kinywa changu, wanawake wote wakisikia. Homa. Nyumbani. Kitandani. Mkewe na watoto wakiwepo.

“Ku kitanda gani?” akasema. “Hii yangu?”

Niliikunja karatasi.

“Njo nilikuwa wapi mimi, Masika? Bwana yangu anakufa ku kitanda yangu, mimi nilikuwa wapi?”

Wanawake waliziteremsha kuni taratibu, kisha wakazitwika tena, wakatoka mmoja mmoja bila kuaga. Tangu hapo Mama hajasema nami. Ananipakulia chakula, anaweka sahani, anakwenda.

Watu wa porini nimewazoea kuwachukia. Kinachonitapisha ni jinsi kazi yao ilivyokuwa rahisi kumalizia. Wao walikuchukua, na sisi, damu yako, tukawanawisha mikono kwa karatasi moja. Kama ni malaria, basi hakuna wa kutafutwa.

Kwa hiyo nasema hapa, na kila mtu asome. Baba yangu hakufa kwa homa. Alichukuliwa barabara ya Mbau, mchana, akiwa mzima, na hakuna aliyeuona mwili wake. Cheti kile ni cha uongo. Nakala ya barua hii naituma kwa wakala wa Kampala. Najua ataifunga akaunti na hisa zako zitabaki hewani, pengine hazitarudi kamwe. Zipotee. Baba mdogo ameniambia nina wazimu. Nimemwambia arudi Beni.

Nawe, kama ungali unatembea, jihadhari na hizo ofisi. Kwenye vitabu vyao wewe ni marehemu, na watakuuliza unatoka wapi. Usibishane nao. Njoo moja kwa moja kwa Mama. Ni yeye peke yake ambaye hakutia saini.

Ni mimi, binti yako wa kwanza, niliyekuzika ungali njiani,

Masika