Wanjiru Chini ya Leso, Kimbo

Mama,

Pole na baridi ya Kitale. Huku mtaani Kimbo, Ruiru, pia inauma, lakini nimeshiba mukimo mpaka nimevua sweta.

Jana Kamau na jamaa zake walikuja kuleta mahari ya Wanjiru, rafiki yangu wa chuo. Sisi wasichana tulifunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, tukapangwa mstari pamoja naye, ili Kamau amtambue bibi arusi wake. Hakuna kusema, na akikosea anatozwa mbuzi. Akasimama mbele yangu. Mama, alisimama! "Chagua, chakula kinapoa!" wamama wakapiga kelele. Nikaogopa nitapewa mume wa mtu. Mara akasonga, akamshika Wanjiru mkono. "Ni huyu. Hawa wengine wanatingishika kwa kicheko. Wangu akiningoja hutulia hivi."

Unajua kile chombo ninachochora, cha kwenda mbali kupita sayari zote, na swali linaloninyima usingizi: kitatambuaje mwito wa nyumbani katikati ya kelele za anga? Nimekuwa nikikiongezea masikio. Kumbe ni nyumbani ndiko kunakopaswa kutulia, kukiite vilevile bila kubadilika.

Nikakumbuka siku za wazazi shuleni. Wenzako walikimbia huku na huku wakiita majina. Wewe ulisimama kando ya tangi la maji na kitambaa chako cha kijani, kimya, mpaka nikuone. Sikuwahi kukukosa.

Asante. Mungu akuweke hapo hapo.

Nafula wako