Kipini cha Bibi kwenye Pua ya Yasmini

Ujiji, Kigoma.
Jumatatu, 3 Juni 2024.

Mpendwa Shangazi Safina,

Shikamoo, Shangazi. Kwanza nakujulia hali, maana tangu msiba simu zetu zimekuwa za kulia tu, hata sijapata kukuuliza magoti yanaendeleaje. Bado unaswali kwa kukaa? Na Baba Khalfani, kifua kimepungua? Ulisema hewa ya Lindi inamfaa. Namwombea izidi kumfaa.

Sisi huku ni wazima kwa maana ya kwamba asubuhi tunaamka. Mimi sina homa wala kichwa, ila chakula hakipiti, na kazini mambo yananiponyoka. Juzi niligonga muhuri wa "Imepokelewa" kwenye barua tuliyokuwa tunaituma sisi. Mkuu wangu akaniangalia, akauchukua ule muhuri akaukalisha mezani kwake. Unanijua nilivyo, mtu wa kufunga mlango kisha nirudi kuutikisa kama kweli umefungwa. Siku hizi hata kuufunga nasahau.

Nimeona niandike kwa sababu simu yako inasikilizwa na sebule nzima, na ninayotaka kukuambia yanahusu mambo ya chumba cha kuoshea maiti. Oswald, mwenzangu wa masijala, anakwenda Dar es Salaam kwa treni. Ameniahidi kuikabidhi barua hii kwa mkono wake kwenye basi la Lindi.

Uliponiuliza habari ya arobaini ya mdogo wangu Yasmini, nilikujibu kwamba tunapanga, kwa kuwa Baba alikuwa amekaa karibu yangu. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshatamka, mbele ya wazee waliobaki mkekani, kwamba arobaini hiyo haitasomwa nyumbani kwake. "Yasmini amekufa hana radhi yangu," alisema. "Simsomei." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika birika la chai. Nikarudi nalo jikoni.

Sababu unaijua nusu. Bibi alipofariki ulikaa nasi mpaka hitma, ukaondoka. Baada ya wewe kuondoka ndipo Baba alipomwona Yasmini na kijipini puani, kile cha dukani kinachong'aa kama chembe ya sukari. Tundu lilikuwa bado bichi, limevimba kidogo. Baba alisimama katikati ya ua akamwambia, "Kaburi la mama yangu halijakauka, wewe umekwenda kujitoboa pua! Ndiyo matanga yako hayo?" Yasmini aliinamisha kichwa. Baba akamwambia achague, atoe pini au atoke yeye. Tulidhani atatoa, maana ni mtu wa kucheka na kuomba msamaha upesi. Akaingia ndani, akafunga nguo zake kwenye kanga, akatoka.

Alipanga Gungu, chumba cha mbele kwa Mama Marcelina, yule mama wa Kiha mwenye mabanda ya kuku. Humo humo akafungua saluni: kusuka, kutoga masikio na pua, na kuuza mapambo. Nilikuwa nikimpitia nikitoka kazini. Kila nikienda nakuta ameongeza kitu. Sikio la kushoto hereni zilipanda kutoka ndewe mpaka juu kama vifungo vya kanzu. Nyusi moja aliitoga, na kitovu pia. Nilipomwambia zinatosha sasa, akacheka. "Dada, kwa tundu moja nimeshafukuzwa. Sasa nikiacha kuongeza nitakuwa nimefukuzwa hasara."

Lakini hakuwa anavaa ovyo, Shangazi. Alikuwa na jicho. Alichukua shanga za kizamani za akina mama wa Ujiji, akazichanganya na cheni nyembamba zinazotoka mjini, akakata waya wa shaba akaupinda kama magamba ya samaki mgebuka. Wasichana walikuja kutoka Katonga hadi kwake. Akikutengeneza, alikushika kidevu akakugeuza huku na huku kabla ya kuamua. Alisema uso wa mtu una kitu unachotaka kusema, na kazi yake ni kuusikiliza. Mimi alinigeuza mara moja tu. "Wewe wako unataka kwenda kazini," akasema, akanirudishia vihereni vyangu vidogo.

Vijana wa bodaboda walimtania akipita. "Oya sista, siku radi ikipiga wewe ndiyo wa kwanza!" Naye aliwajibu, "Basi usinipakie, utaungua na pikipiki ya watu!" Walicheka mpaka wakasahau abiria. Hao hao ndio waliotangulia mazishini, wakalibeba jeneza kwa zamu mpaka makaburini, hawakumwachia mtu mzima hata mmoja.

Mtaani walisema kajitoboa mpaka damu ikaingia sumu. Si kweli, na ninakuomba ukisikia huko ukatae. Ilikuwa malaria, ikapanda kichwani. Mama Marcelina alimpeleka hospitali kwa bajaji, nikamkuta bado ananitambua. Aliniuliza kama Baba amekula. Hakusema kitu kingine nilichokielewa.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Siku ya kumwosha, Bi Ashura mwoshaji alikuwa na wanawake wawili wa mtaani. Mimi nilikuwa nje. Nikaitwa. Kumbe mapambo yamewashinda. Maiti hazikwi na pambo, nawe unajua, lakini wao walizoea bangili na hereni za ndoano. Zile za Yasmini zilikuwa na gololi ndogo mwishoni, ambayo sharti uizungushe ndipo ifunguke. Mmoja wao alikuwa akiivuta ile ya nyusi, na ngozi inamfuata. Nikapiga kelele, "Msimvute, mtamuumiza!" Bi Ashura akanishika bega. "Ndiyo maana nimekuita wewe. Maiti haumizwi. Polepole, mwanangu."

Nilizifungua moja moja, Shangazi. Vidole vyangu hivi vinavyotetemeka nikipewa faili la mkurugenzi, siku hiyo havikutetemeka. Masikio, nyusi, kitovu. Mwisho nikaja puani. Hicho hakikuwa na gololi, kilikuwa na msumari mnene uliopindwa kwa mkono, na nilipokitoa nikakiweka kiganjani, nikaona si cha dukani kama nilivyodhani siku zote, ni dhahabu nzito iliyochoka, ua la majani sita, jani moja limekatika.

Unakijua. Ulikiona puani kwa mama yako utoto wako wote. Na siku alipokivua unaikumbuka wewe, mimi nimesimuliwa tu, hadi lile jani lililokatika: Baba amerudi kutoka kusoma dini Tabora, kijana bado, akamwambia mama yake kwamba kipini kinazuia maji ya udhu. Bibi hakubishana naye. Alikivua, na kesho yake akamwambia mwanawe kwamba amekwenda kukitupa ziwani. Baba alisimulia habari hiyo maisha yake yote, kwamba mama yake alimpenda kiasi cha kutupa dhahabu ndani ya maji.

Nilikaa nacho siku nyingi, nimekifunga kwenye pindo la kanga, sijui nikiulize nini. Jumamosi moja nikaenda kwa Mama Marcelina kuchukua nguo za marehemu. Nikamwonyesha. Akajifuta mikono kwenye kanga kabla ya kukishika.

"Ego, ndiyo, ni hiki," akasema. "Cha bibi yenu. Alimtoga mwenyewe, kwa sindano ya kushonea, yuko kitandani hawezi hata kukaa. Si Yasmini alikwambia?"

Nikamwambia sijaambiwa.

"Alisema bibi alitaka mmoja wenu abaki nacho. Akasema, Shadia pua yake ni ya ofisini, wataisumbua. Yasmini ndiyo pua yake haina woga. Akamtia kile cha dukani kwanza tundu lipone, na hiki akampa akifiche."

Nikamuuliza, kwa nini basi hakumwambia Baba siku ile uani? Neno moja tu lingetosha!

Mama Marcelina alikaa chini kwenye kigoda cha wateja. "Nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu, Mama Marse, nikimwambia, atajua mama yake alimdanganya habari ya ziwa. Bora anikasirikie mimi niliye hai kuliko kumkasirikia aliye kaburini. Mimi nitamwomba radhi, kuna siku. Bibi hana siku nyingine."

Shangazi, nililia mpaka kuku wakakimbia.

Kisha woga ukanirudia. Nilikuwa chumba cha kuoshea, na ya mle ndani ni amana. Mwoshaji haruhusiwi kusema alichokiona kwenye mwili wa maiti. Nikisema nitakuwa nimemvunjia marehemu heshima, na nikinyamaza Baba atabaki kumnyima dua mtoto aliyemstahi mama yake. Na Bibi naye? Ni haki yangu kumtoa Bibi kwenye lile ziwa? Nilikwenda kwa Bi Ashura, nikamuuliza bila kutaja kitu, kama karani anayeuliza utaratibu.

Alikuwa anachambua dagaa. Hata hakuinua kichwa. "Tunachofunika ni aibu ya maiti, Shadia. Wema wake nani amekukataza kuusema?" Akatupa samaki mmoja kwa paka. "Nilikiona na mimi. Nilikuwa nasubiri nione utakaa nacho mpaka lini."

Basi Alhamisi iliyopita nilimkuta Baba kwenye cherehani, anashona kanzu ya mtu. Sikujua nianzeje, nikakiweka juu ya kitambaa, mbele ya sindano. Akaacha kukanyaga. Gurudumu likaendelea kuzunguka peke yake, kisha likasimama.

"Hiki kilitupwa ziwani," akasema.

"Hakikutupwa, Baba."

"Mama aliniambia."

"Bibi alimpa Yasmini. Ndiye aliyemtoga. Yasmini alinyamaza ili usijue kwamba Bibi alikuficha."

Nilimweleza yote aliyoniambia Mama Marcelina, nikiwa nimesimama, kama naripoti. Nilitegemea akasirike. Nilitegemea hata anipige. Alikishika kile kipini, akakisogeza karibu na macho kama anayetunga uzi, akakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri. Hakuinuka kwenda msikitini. Sijapata kuona Baba akisikia adhana akakaa.

"Nilikuwa nangoja aje aniombe radhi," akasema mwishowe. "Kila Ijumaa nilikuwa naacha mlango wa uani wazi. Sasa mimi yangu nitamwomba nani?"

Nikaenda kumletea maji ya udhu.

Hicho kipini anacho yeye, amekitia mfuko wa ndani. Anasema ni cha mama yenu nyote wawili, wewe ndiye utakayeamua kiende wapi.

Kesho yake alivaa kanzu safi akaniambia nimpeleke Gungu. Baba, asiyepanda bodaboda, alipanda, amekumbatia mgongo wa kijana wa watu na kofia ameishika mkononi. Mama Marcelina alimfungulia chumba. Bado hakijapangishwa. Kioo kipo, na cheni zimening'inia kwenye misumari, na ile bunduki ya kutogea imefunikwa kitambaa. Baba alikaa kwenye kigoda, pale wasichana walipokaa kushikwa kidevu. Alijitazama kwenye kile kioo muda mrefu. Kisha akatoka uani, akaanza kutembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, anapima.

"Mama, uani kwako panaenea watu wangapi?"

"Kwani mzee unataka kuhamia?" Mama Marcelina akajaribu kucheka.

"Nina arobaini ya mwanangu."

"Si mngesomea kwenu Ujiji, mzee wangu? Kwenu ndiyo kwake."

Baba akatikisa kichwa. "Kwangu nilimtoa. Siwezi kumwita arudi leo kwa kuwa nimejua sababu. Ningempenda bila sababu, angerudi mwenyewe. Nitamfuata alipokuwa."

Mama Marcelina akaangalia mabanda yake ya kuku, akaniangalia mimi. "Lakini mzee, mimi ni Mkatoliki. Sina hata mkeka mmoja."

"Mikeka nitakuja nayo," akasema Baba.

Wazee wa mtaani wamenung'unika, kwamba hitma ya mtoto wa Ujiji isomwe uani kwa mama wa Kiha, katikati ya kuku. Baba amewaambia asiyetaka kufika asifike. Vijana wa bodaboda wamesema watawabeba wazee bure kwenda na kurudi, na baadhi ya wasichana wa Katonga wameuliza kama wanaruhusiwa kuja na hereni zao. Nilimpelekea Baba swali hilo kwa hofu. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Waje kama alivyowavalisha."

Itakuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, hata kama siku arobaini zenyewe zitakuwa zimepita, ili nawe uwahi kufika. Nakuomba sana, Shangazi, kama magoti yatakubali, uje. Baba hali vizuri na mimi peke yangu simwezi. Anahitaji mtu anayeweza kumwita kwa jina lake, na aliyebaki ni wewe tu.

Nisalimie Baba Khalfani, na Khalfani mwenyewe na mkewe, na Yunisi jirani yako aliyenitumia ubani. Bi Ashura anakusalimu, na Mama Marcelina, ingawa hamjaonana, anasema atakutandikia. Mwenyezi Mungu akupe wepesi wa safari, na awape nuru wote wawili waliotutangulia, Bibi na mjukuu wake.

Ukishuka stendi, usimwambie kijana wa bodaboda akulete Ujiji. Nyumba itakuwa imefungwa. Mwambie Gungu, kwa Yasmini, wote wanapajua.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Shadia