Oili ya Gari Lisilokunywa Maji

Mlandege, Iringa
9 Februari 2025

Baba yangu Seni,

Shikamoo. Leo ni tarehe tisa mwezi wa pili, mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke Rujewa nimekaa juu ya magunia ya mchele kwenye lori la Sedekia. Natumaini wewe na mama hamjambo, na ng'ombe wamepata majani baada ya mvua hizi. Mimi ni mzima, ila mgongo. Kazi yangu hapa gereji ni kubeba: giaboksi, betri, injini za watu wengine. Jioni nikiinama kufungua viatu siinuki upesi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla hata ya salamu kuisha. Karatasi haikatizi mtu. Sedekia atakuwa anachukua barua zetu na kuzileta.

Nina swali la kazi. Mwenye gereji ni dada mmoja anaitwa Bertha, aliachiwa na marehemu baba yake, mzee Silvester. Aliachiwa pia gari, Poshe ya zamani ya Kijerumani, fupi kama kobe, rangi ya ugoro. Injini yake iko nyuma na haina rejeta. Haina hata bomba moja la maji. Inapozwa na feni na oili basi, kama mashine yako ya kukobolea mpunga. Lilikaa chini ya turubai tangu mzee afariki. Mwezi wa tisa mdogo wake Bertha anaolewa Mbeya, na mzee aliahidi kila binti yake ataingia kanisani na gari hilo. Bertha aliingia nalo. Sasa ni zamu ya mdogo. Watu wa Mlandege wanasema litafika Mbeya juu ya lori. Bertha kawajibu, "Litafika kwa miguu yake."

Kazi ya kuliamsha kanipa mimi. Fundi mkuu, Sosthenes, amenuna. Anataka tutie oili mpya ya kisasa, nyepesi kama chai, anayotia kwenye gari zote. Mimi naona litaungua likishukia kwenye joto la bondeni Igawa. Amenicheka mbele ya wateja: "Nkuba, hii siyo maksai. Acha kuipapasa."

Bertha kasema wazi: likifika Mbeya salama, ananipa meza yangu ya ufundi, naacha kubeba. Likifia njiani, nitafute pa kwenda. Sasa baba, wewe umeishi na mashine isiyo na maji tangu sijazaliwa. Ungetia oili gani?

Na kabla hujauliza: kwenye mavuno sitakuja.

Mwanao,
Nkuba


Rujewa
2 Machi 2025

Nkuba,

Marahaba. Sisi ni wazima. Mama yako anasema ule. Ng'ombe wamenenepa, majani yapo, mtu wa kuwachunga ndiye hayupo.

Nimesoma habari za gari lako. Nimemuuliza Sedekia, hilo gari linabeba gunia ngapi? Kasema halibebi hata moja, linabeba watu wawili na mkoba wa mwanamke. Mwanangu ameacha mashine inayolisha nyumba yake, kaenda kumtumikia kobe.

Lakini umeuliza, na mtu akiuliza kuhusu injini mimi siwezi kukaa kimya. Tia arobaini. Oili nzito, yenye namba moja tu kwenye kopo, ile ninayotia mimi. Usidanganywe na namba mbili mbili zilizoandikwa kwenye makopo ya mjini. Ile oili nyepesi ya fundi wako ni ya watu wanaobadilisha gari kama shati.

Na kupima, pima asubuhi kabla hujawasha, injini ikiwa imelala. Futa kijiti cha oili, kizamishe, kitoe, soma. Kikiwa kikavu ongeza mpaka alama ya juu. Sijawahi kupima mashine inayozunguka na baba yako hatakufundisha ujinga huo.

Mwezi wa tano mpunga utakuwa tayari. Nitakuwa nakoboa mchana kutwa peke yangu. Ukirudi, rudi kufanya kazi ya kwenu. Usinirudie na harufu ya oili ya watu.

Baba yako,
Seni


Mlandege, Iringa
27 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Kikohozi chake kimeacha? Mimi ni mzima wa mwili.

Nilifanya ulivyosema. Nilitia arobaini. Asubuhi, injini imelala, nikazamisha kijiti. Kikatoka kikavu. Nikaongeza. Nikazamisha tena, kimelowa ncha tu. Nikaongeza tena mpaka ikafika alama ya juu, nikafurahi, nikawaza, baba anajua.

Bertha akawasha mwenyewe, watu wamesimama. Likanguruma vizuri, baba, ungelisikia. Likapata moto. Halafu likaanza kutoa moshi. Siyo moshi wa kawaida. Moshi mweupe, mzito, ukafunika gereji, ukavuka barabara, ukaingia kwenye duka la mama muuza vitenge. Watu walikuja na ndoo wakidhani tunaungua. Oili ilifurika mpaka kwenye kichujio cha hewa, injini ikaanza kuinywa na kuichoma.

Sosthenes alisubiri moshi uishe. Kisha akasema, "Sasa hata Mafinga wamejua gari limewaka." Watu walicheka wiki nzima. Mimi nilirudishwa kuosha vyuma kwa dizeli.

Bertha hakucheka. Alimpigia simu mzee Asukile, fundi wa Mbeya aliyekuwa akilihudumia gari hili enzi za baba yake. Akaweka sauti kubwa, tukasikiliza wote. Mzee akauliza, "Nani aliyelipima likiwa limelala?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Basi kijana umelinywesha lililokwisha shiba." Gari hili oili yake ina tangi lake, pembeni nyuma ya gurudumu. Likilala, oili yote hushuka kwenye injini, tangi linabaki tupu, na kijiti kinakuwa kikavu hata kama oili imejaa. Linapimwa limesimama mahali tambarare, injini ina moto, na inazunguka. Inazunguka, baba. Ujinga ule ule uliosema hutanifundisha.

Nikamuuliza na habari ya arobaini. Kasema itafaa ukikaa kwenye joto la Usangu mwaka mzima. Iringa asubuhi ya mwezi wa sita itakuwa kama asali, na injini itasagana chuma kwa chuma kabla oili haijapanda. Na ile ya Sosthenes je? Kasema hiyo ikifika Igawa itakuwa maji, na tena oili nyingi za siku hizi zimepunguzwa dawa inayolinda vyuma vya kizamani visisuguane. Anataka oili ya kawaida ya madini, yenye dawa hiyo, namba 20W-50. Hizo ndizo namba mbili mbili ulizozidharau. Ya kwanza ni ya baridi, ya pili ni ya moto. Asubuhi inakuwa nyepesi kiasi, mchana inabaki nzito kiasi. Njia ya Mbeya ina vyote viwili.

Sosthenes alibisha. Kasema oili ya makopo hayo ni ya wazee. Bertha akamjibu, "Na gari ni la mzee." Kisha akanitazama mimi. "Nkuba, nakukabidhi tena gari. Ukiogopa sema."

Sikuogopa. Nimemwaga arobaini yako yote.

Nakuheshimu, baba. Umenilea kwa mashine ile. Lakini mashine yako siyo gari hili, na mimi siyo wewe. Kwenye mavuno siji. Ukitaka kukasirika, kasirika nikiwa huku.

Mwanao,
Nkuba


Mlandege, Iringa
22 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Mavuno yamepita na hujajibu. Sedekia amekuja mikono mitupu mara mbili tatu. Nikimuuliza anasema, "Mzee yuko kwenye mashine," halafu anaangalia matairi. Mama mpe salamu zangu, hata kama mimi hunipi zako.

Naandika ujue tu. Baridi ya huku sasa inang'ata, maji ya bombani yanauma vidole. Asubuhi ya juzi nililiwasha bila kukanyaga mafuta. Nikaliacha lingurume mpaka moto ukawa sawa, nikafungua, nikazamisha kijiti linazunguka. Miaka yote niliyokaa kwako nilijua mkono hauendi karibu na injini inayozunguka. Kijiti kikasoma katikati ya alama. Nikafunga.

Bertha akasema tukalijaribu mbali. Tukapita Mafinga na ukungu wake, tukapita Makambako, tukaanza kushuka. Kwenye mteremko joto likaingia dirishani, unalijua lile joto la bonde, linakuja na harufu ya mabua makavu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye saa ya joto la oili tu. Mshale ulipanda, ukafika nusu, ukakaa. Tukafika Igawa ukiwa umekaa pale pale. Wauza vitunguu wakalizunguka gari. Mmoja akauliza, "Injini iko wapi, mmeisahau nyumbani?"

Bertha akasema, "Si ni hapo tu kwenu? Twende ukasalimie." Nikamwambia tugeuze.

Ndiyo, nilifika Igawa na sikuja. Ungeniambia nimeleta harufu ya oili ya watu. Nami ningekujibu, mbele ya mama, jambo ambalo lisingerudi mdomoni. Bora uumie kwa kusikia kwamba nilipita karibu kuliko tuumizane uso kwa uso.

Mkate wangu sasa unatoka kwenye mikono hii na siombi radhi kwa harufu yake.

Mwanao,
Nkuba


Rujewa
27 Julai 2025

Nkuba,

Marahaba. Shikamoo zako zote, na ya barua ya mwisho, nimezipokea.

Nilijua ulifika Igawa siku ile ile. Muuza vitunguu mmoja ni mtoto wa jirani. Kasema kijana wangu amekonda lakini anatembea kama mwenye mali. Mama yako alilia. Mimi nilienda kukoboa.

Sasa sikia, maana utasikia kwa Sedekia na Sedekia huongeza chumvi. Mashine imenoki. Ilikuwa katikati ya mavuno, watu wamepanga foleni na magunia. Ilipiga kelele mara moja ikakaza. Pumba zilijaa kwenye mapezi ya silinda, vile vyuma vyembamba vinavyoshika upepo. Ulikuwa ukivisafisha wewe kila jioni kwa ufagio wa chelewa. Mimi macho yangu hayaoni tena katikati ya vile vyuma, na sikumwambia mtu. Oili ilikuwa arobaini, ilikuwa imejaa, nilipima asubuhi. Ikanoki hivyo hivyo.

Watu walibeba mpunga wao wakaenda kwa mwingine. Wengine walitaka kunipa pole, nikawaambia sijafiwa.

Sikuiti. Soma tena hapo. Sikuiti. Umesema huji, na mimi sijazoea kuomba. Nimeandika ujue tu, kama wewe ulivyoandika nijue tu.

Lakini hilo la kupima inazunguka limenikaa kichwani. Nikilala nalifikiria. Oili haimrukii mtu usoni? Na kijiti kinasomekaje wakati oili inakimbia? Siamini. Ningeamini nikiona.

Baba yako,
Seni


Mlandege, Iringa
17 Agosti 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Mama shikamoo, usilie tena, nimenenepa.

Barua yako nimeisoma nimekaa chini ya gari, mahali pekee ambapo Sosthenes hanifuati. Nilipotoka aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia mashine ya baba imenoki. Akasema silinda ya aina hiyo anaijua, pengine pistoni ya ndani tu ndiyo imekaza na mashine inaweza kuamka. Kanipa vifaa vyake vya kuing'olea, vile ambavyo hamwazimi mtu. Kasema nisivirudishe vichafu. Bado ana ugomvi na mimi kuhusu oili, na mimi pia nina ugomvi na yeye, lakini vifaa katoa.

Wewe hukuniita. Nimesoma mara mbili kama ulivyoagiza. Ungeniita, ningekaa huku, nakwambia ukweli, kwa sababu tangu nilipotoka nimeapa sirudi kwa kuitwa kama ndama. Ndiyo maana nakuja.

Ila nakuja nilivyo. Nakuja na harufu ya oili, na ni yangu, siyo ya watu. Nimeongea na Bertha. Tunakwenda Mbeya harusini, tunaingia Rujewa kwanza tuwasalimie. Tukitoka harusini ananishusha kwenu, nakaa mpaka mashine ikoboe. Mapezi nitayasafisha mwenyewe, kisha tutamfundisha mtoto yeyote mwenye macho. Baadaye narudi Mlandege kwenye meza yangu. Hilo usijaribu kulibadilisha, utachoka bure.

Usimchinje mbuzi, Bertha ana haraka. Nitengenezee kitu kimoja tu: pale uani mbele ya mashine, sawazisha ardhi, ondoa lile tuta la pumba, pawe tambarare kabisa. Gari likifika usiseme tulizime. Litaendelea kunguruma, nitafungua kifuniko, na kijiti utakishika wewe. Futa, zamisha, toa, soma. Kama macho yanakataa, utaniambia unachohisi kwenye vidole na mimi nitakuambia alama.

Tunaondoka Iringa alfajiri. Nitakuwa mlangoni kwako Alhamisi, tarehe nne Septemba, kabla ya saa sita mchana.

Mwanao,
Nkuba