Usipande Vitunguu Kwenye Tairi Lile

S.L.P. 31,
Mikumi, Kilosa.
8 Agosti 2025

Mpendwa Mama Mdogo Tumwagile,

Basi hilo tairi, Mama, usilijaze udongo. Ulipoanza kunieleza kwenye simu jinsi mwanao Urbanus alivyokuletea tairi jeusi, zuri, na kwamba utapanda vitunguu ndani yake karibu na mlango wa jiko, nilikata simu ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilimsikia mwanao akicheka nyuma yako, nikaona heri niandike.

Lakini nimeanza kama mtu asiyelelewa, na aliyenilea ni wewe. Shikamoo, Mama. Magoti yanasemaje na baridi ya Tukuyu? Baba Mdogo kifua kimeachia? Ile migomba aliyoihangaikia imezaa? Sisi tu wazima, ukiacha mguu wa Ngolo, ambao nitaufikia.

Ndoa, Mama! Mbona hukuniambia? Nikiamka namkuta mume wangu ananitazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani, anaogopa mwenyewe atatokea kukidai. Nikipika ananisogezea kigoda. Malori yanapita usiku kucha nyuma ya nyumba yetu, kuta zinatetemeka, naye ananiziba masikio kwa viganja vyake. Nikiandika jina lake, Ngolo, natamani niliandike tena. Ngolo, Ngolo. Haya, nimeacha.

Kitanda hatuna. Tunalala godoro chini, kwa sababu fedha za kitanda tulinunulia matairi. Usicheke. Unajua kwamba Ngolo na Urbanus wote wanabeba wageni kutoka hapa Mikumi hadi stesheni ya Kilosa, na kwamba Jumamosi madereva hushindana kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, kule shamba la mkonge. Safari hii kulikuwa na jambo. Bwana Obed wa Morogoro, mwenye gereji na gari la mashindano, alikuwa anatafuta dereva. Atakayeshinda ndiye atakayekalia kiti cha gari lile. Mume wangu hajawahi kutaka kitu kingine duniani, isipokuwa mimi.

Siku chache kabla ya harusi tulikwenda Morogoro watatu: Ngolo, mimi na Urbanus, maana Urbanus alisema yeye ni ndugu na anajua matairi. Ngolo akamwambia muuzaji, anaitwa Yared, "Nataka tairi la kupeleka wageni stesheni Ijumaa, nishindane nalo Jumamosi, na Jumapili limpeleke mke wangu kanisani. Na lisinifilisi."

Yared alicheka mpaka akashika meza. "Wewe Msukuma, unataka ng'ombe mmoja akulimie, umkamue, na jioni akuchezee ngoma!"

Lakini alitusaidia vizuri. Akatueleza kwamba tairi laini sana linang'ang'ania barabara kama mtoto mgongoni, ila kwa kokoto za njia yetu litaisha kama sabuni ya kufulia. Gumu litadumu, lakini kwenye kona litakuaga. Akatuchagulia la katikati, si la jina kubwa: mpira wa wastani, kashata, yale meno ya tairi, pana pembeni kwa ajili ya kona, na za katikati zimebanana ili lisiliwe haraka na njia.

Halafu akavuta jingine kutoka kwenye rundo la nyuma, la aina ileile, kashata zimejaa kama jipya. "Hili limekaa stoo miaka minane," akasema. "Mtu akikuuzia hili kwa bei nafuu utamshukuru, na mkeo atakuzika." Akanishika kidole akakibonyeza kwenye lile jipya, likabonyea. Kwenye lile la zamani, ilikuwa kama kugusa pembe la ng'ombe. Akatuonyesha zile tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki, mbili za mwaka. Ziko upande mmoja tu wa tairi. "Usipoziona kwa nje," akasema, "lala chini, chungulia uvunguni. Anayeficha umri ndiye anayezigeuzia ndani."

Urbanus akasema, "Hilo bovu nipe mimi, nikawafungie watoto bembea." Yared akampa bure. Tukarudi nalo juu ya gari, tunaimba.

Harusi ilikuwa Zombo, kwa wakwe zangu, na najua ulilia kwa kukosa nauli na afya ya kuja. Ungecheka, Mama. Wasagara na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu, na Urbanus kwa upande wa baba yake ni Msagara kamili, kwa hiyo alisimama kama mwenye nyumba. "Mtazameni huyu!" akawaambia wageni. "Ametoa ng'ombe kwa ajili ya dada yangu, na usiku badala ya kumkumbatia atatoka nje kuwahesabu waliobaki!" Mjomba wake Ngolo, mzee Kashindye, akamjibu, "Na wewe ungehesabu nini, kuku wa jirani?" Hapo Urbanus akamnyakua Ngolo kofia kichwani na kupiga kelele, "Nimechukua changu! Tafuta!"

Unaijua desturi. Mtani akichukua kitu siku ya harusi hakuna kukasirika. Mwenye kitu anakitafuta, anakikomboa kwa jogoo, na mambo yameisha. Kesho yake Ngolo akapeleka jogoo mwekundu, akarudishiwa kofia. Urbanus akamla yule jogoo hadi shingo. Tukadhani yameisha.

Jumamosi iliyofuata nilisimama kwenye kiwanja nimevaa kanga ya harusi. Ngolo alikuwa mbele, Urbanus nyuma yake na gari la kuazima. Bwana Obed alikuwa tayari amesimama anapiga makofi. Kwenye kona ya mwisho ya kulia, gari lote likaegemea tairi la nyuma kushoto, nalo likapasuka. Nilisikia mlio kabla sijaona. Gari likabiringika, likatua kichwa chini ndani ya mkonge.

Nilikimbia nikapoteza viatu. Nilipomfikia, miiba imemchoma shingoni, mguu umegeuka upande usio wake, akaniuliza, "Mke wangu, nimeshinda?"

Urbanus alitupita, Mama. Hakusimama. Alikwenda kumaliza kwanza.

Alikuja hospitali jioni, ameshika machungwa. Wodi imejaa, mimi namlisha mume wangu uji. Akasimama miguuni pa kitanda akacheka, "Mtani! Kofia ilikuwa ya kukuziba macho! Chako kilikuwa chini ya gari, na hukutafuta!"

Wodi nzima ikacheka. Hata muuguzi akacheka, maana naye ni wa huku na anajua utani. Na Ngolo, kwa kuwa ni Msukuma aliyelelewa, akacheka pia. Machozi yalimtoka pembeni ya jicho yakaingia sikioni. "Umeniweza, mtani," akasema. Nikaendelea kumshikia bakuli.

Mguu utapona, ila kifundo hakitakunjika tena. Ni mguu wa kushoto, wa kukanyagia klachi. Daktari alisema polepole, kama anayempa mtoto dawa. Wiki iliyofuata Bwana Obed alimpa kiti aliyeshinda, na aliyeshinda ni mwanao. Hakuwa amesikia habari ya tairi. Urbanus hakumwambia, na sisi hakuna aliyetuuliza.

Unajua nilichofanya, Mama? Nilikwenda pale lilipovutwa gari letu, nikalala chini na kanga yangu, nikachungulia. Tairi lililopasuka lilikuwa lile bovu la bembea, na zile tarakimu zilikuwa zimegeuziwa ndani. Mtu wa mzaha anafunga tairi tu, anaondoka akijichekea. Hahangaiki kugeuza umri. Na kama ni mzaha, angemwambia mtani wake kabla hajawasha gari.

Lakini mtani hashitakiwi. Haulizwi wala halaumiwi. Anataniwa.

Na Mungu ni mwema, maana mwisho wa mwezi huu Urbanus naye ni bwana arusi, hapo hapo nyumbani kwako, na watani wake ni sisi! Nilipomwambia Ngolo hivyo alikaa kwenye godoro akacheka kicheko chake cha zamani, kile kilichofanya nimpende. Tukashikana mikono kama siku ya kiapo. Tangu hapo analala vizuri.

Kwa hiyo nakuomba kama mama yangu. Hilo alilokuletea Urbanus ndilo lile jipya letu; lifute vumbi, liweke mahali pa heshima. Mimi nitakuja na lile lililopasuka. Nimesikia Bwana Obed ndiye mgeni wa heshima. Mzee Kashindye atayaviringisha yote mawili katikati ya uwanja, ayalaze miguuni pake, amshike kidole akibonyeze kwa hili na kwa lile, amsomee tarakimu. Atasimulia kwa nyimbo na matusi ya utani, na watu watacheka hadi waketi chini. Bwana Obed si mjinga. Hatamwachia gari mtu wa namna hiyo. Urbanus atakaa karibu na mke wake mpya, nguo nyeupe, na itabidi acheke. Nawe ucheke, Mama, usije ukatuaibisha.

Unaweza kumwambia. Nimeandika ili umwambie. Hawezi kutuzuia kuja, mtani hafungiwi mlango, wala hawezi kukasirika. Nataka azihesabu siku.

Nisalimie Baba Mdogo, shikamoo yake mwambie iko moyoni. Msalimie mdogo wetu Anselmi, umwambie daftari za shule nitamletea. Na Goodhope, bibi arusi wetu, mkumbatie kwa niaba yangu. Ndoa ni tamu kuliko wanavyosema, naye namtakia iwe tamu hata baada ya siku ya kwanza. Ngolo anakuamkia. Mungu akulinde na ukungu wa asubuhi, akupe miaka ya kuwaona wajukuu.

Kabla mwezi haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, mimi, Ngolo na gongo lake la kutembelea, na wajomba wa Zombo. Wa kwanza kuingia atamnyakua Urbanus kofia. Mwambie asihangaike kuitafuta. Hiyo tutamrudishia.

Ni mimi, mtoto uliyemlea na anayekupenda kwa moyo wote,
Imelda, mke wa Ngolo