Hewa Ndani ya Pampu

Kanduyi, Bungoma
3 Machi 2025

Kwako Baba,

Habari ya siku nyingi. Hujambo wewe, hawajambo ng'ombe? Tata Wangechi aliniambia mvua imeanza kugusa Kitale na kwamba umeshalima, unangoja tu mbegu. Huku mimi ni mzima. Chakula nakula, usingizi unakuja ukitaka.

Nimeanza barua hii mara nne. Ningepiga simu, lakini Tata anasema tangu ile operesheni ya Novemba, walipotoa uvimbe kooni pamoja na sanduku la sauti, simu unaiweka tu sikioni, unasikiliza, halafu unakata. Baba, mbona ulimkataza Tata, dadako, asiniambie? Nilipata habari Krismasi imeshapita. Nilifunga duka saa sita mchana nikaketi chini nikalia, na wateja wakigonga mlango.

Basi acha niseme ya kazi, maana hayo ndiyo nayaweza. Bado naunda kompyuta za gemu. Hii ya sasa ni ya Mukhisa, mwalimu wa hesabu kule Cheptais. Wikendi anashuka mlima kwa pikipiki kuja mashindano, kwa hivyo anataka mashine ya kuingia kwenye begi la mgongoni. Nimemtengenezea moja yenye ukubwa wa mikate miwili iliyolaliana. Lakini kwa mwili mdogo hivyo feni hazipati pumzi, kwa hivyo naipoza kwa maji. Pampu inasukuma maji juu ya kile kichipu chenye moto, maji yanaenda kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi. Ni lile tangi lako la kupozea maziwa la Kiminini, ila ni kitoto.

Shida ni kwamba inakoroma. Krr, krr. Dakika kumi za gemu joto linafika tisini na tano, inajizima. Nimebadilisha maji mara mbili, maji safi ya betri. Nimebadilisha hata pampu. Mukhisa ananiambia kwa lafudhi ya kwao, "Madam, hii kitu inaria." Mashindano ni tarehe 26 Aprili.

Wewe umekuwa fundi wa pampu miaka thelathini na moja. Niambie nimekosea wapi.

Binti yako,
Kabura


Kitale
11 Machi 2025

Kabura,

Salamu nimepata. Mimi niko. Ng'ombe wako. Tumepanda juzi.

Pampu ikikoroma ina hewa. Hewa hupanda juu ya maji, hilo halihitaji chuo. Rejeta umeiweka wapi na pampu umeiweka wapi? Kama rejeta iko chini na pampu iko juu, umeipa hewa kiti cha mzee na imeketi. Pampu inatafuna hewa badala ya maji, ndiyo sababu ya hilo joto. Niambie pia rejeta ni ya shaba ama ya aluminiamu. Hizo mbili ukizichanganya kwenye maji mamoja zitakulana.

Mimi siwezi kusikia pampu kwa barua. Ilete.

Gathii

Ama uitume tu kwa gari.


Kanduyi, Bungoma
15 Machi 2025

Kwako Baba,

Natumai umeamka vizuri na shingo haikusumbui. Mimi sijambo.

Nimesoma "Ilete" nikasimama nikaanza kutafuta sweta. Halafu nikasoma huo mstari wa chini ya jina lako, nikaketi. Nimeituma kwa gari. Iko kwenye boksi la viatu, nimeifunga na leso ya mama ile ya kijani. Tata ataichukua steji. Kitufe cha kuwasha kiko mbele, haihitaji skrini. Ukibonyeza utasikia mwenyewe. Na ni kweli, rejeta iko chini, pampu iko juu. Hakukuwa na nafasi kwingine.

Baba, kuna kitu nimeona. Si lawama, nasema tu nimeona. Barua yako ilianza "Kabura". Mimi nilipewa jina la mama yako, na tangu nizaliwe umeniita Maitu, mama. Hata nikichapwa nilichapwa nikiitwa Maitu. Nikiwa bweni ulikuwa unaniandikia, na mwisho wa barua unatia sahihi "Mwanao", wasichana wote wanacheka. Siku moja tu ndiyo uliniita Kabura. Ni ile siku ya kumzika mama, nilipofika udongo umeshatupwa, ukaniambia yale uliniambia mbele ya watu.

Imekuwa mwaka mmoja na miezi miwili. Najua njia ya nyumbani, Baba. Mguu ndio unakataa.

Umekula?

Binti yako,
Kabura


Kitale
29 Machi 2025

Kabura,

Natumai barua hii inakupata ukiwa na nguvu. Shingo inauma asubuhi kukiwa na baridi, halafu inaacha. Nimekula.

Tata yako alileta mzigo ameukumbatia kifuani, akidhani ni redio. Nilipomwonyesha kwamba ndani kuna maji, alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Ati maji na umeme nyumba moja! Nilicheka. Kicheko changu siku hizi ni pumzi tu, lakini nilicheka.

Niliiweka kwenye meza ya mama yako ya kusukumia chapati. Kazi yako ni safi, sitaficha. Paipu umezikata sawa, vibano vimeshika, rejeta ni shaba. Kosa ni hilo moja nililokuambia. Na kwa vile hakuna pa kuhamishia pampu, sikuhamisha kitu. Nilipindua sanduku lote, kichwa chini, nikabandua ile miguu ya mpira nikaibandika upande wa pili. Sasa rejeta iko juu, hewa inaenda kukaa huko ambako haisumbui mtu. Pengo lililobaki nikalipunguza kwa kuongeza maji ya betri kwa sindano ya ng'ombe. Sindano mpya, usikunje uso.

Bado naisikiliza. Nipe kama wiki mbili.

Huku ni kimya. Ng'ombe nawaita kwa kugonga ndoo. Kanisani bado nasimama na kwaya, wakifungua mdomo nafungua, na Gichuki wa besi huniachia nafasi yangu pale pale. Watu ni wazuri. Lakini wanachoka kungoja niandike, wanamalizia maneno wenyewe, tena wanamalizia vibaya. Wiki jana sokoni, kule mjini Kwanza, nilitaka kamba nikarudi na koleo.

Udongo wa mama yako umeshuka vya kutosha. Jumamosi tarehe 26 Aprili, saa nne asubuhi, tutaweka saruji na msalaba. Nakuarifu tu.

Baba yako,
Gathii


Kanduyi, Bungoma
10 Aprili 2025

Kwako Baba,

Habari za huko? Mahindi yametoka? Hapa mvua inanyesha kila alasiri mpaka mabati hayakuruhusu kusikia mtu. Mimi ni mzima.

Kupindua tu! Mwezi mzima nimepasua kichwa, na dawa ilikuwa kupindua. Niliposoma nilicheka peke yangu dukani. Kisha nikatafuta mtu wa kumwambia, nikakosa. Nina mashine sita hapa, zote zinazungumza na watu wa mbali, na mimi mwenyewe siku inapita sijasema zaidi ya "karibu" na "rudi kesho".

Sasa Baba, wiki mbili zinaisha. Mukhisa anapiga simu kila siku, anasema vidole vyake vinashika kutu. Kama bado kuna shida niambie, nitatafuta njia nyingine. Kama hakuna, irudishe.

Na hiyo tarehe 26. Ndiyo siku ya mashindano, si unakumbuka? Mukhisa anataka nikae kando ya mashine siku nzima, isije ikavuja. Kila nikianza kuandika "nitakuja" naona nyuso za watu wa siku ile. Nambie tu ukweli, unataka nije, ama uliniarifu kwa sababu ni desturi kuarifu?

Binti yako,
Kabura


Kitale
17 Aprili 2025

Maitu wangu,

Leo sikuulizi hali na usiniulize. Soma tu.

Mashine imekuja na barua hii. Ni nzima, na imekuwa nzima tangu siku ya kwanza. Nilimaliza kuitengeneza kabla chai haijapoa. Nimekudanganya.

Siku hiyo nilipoipindua ikanyamaza, na nyumba yote ikanyamaza. Nikaketi. Halafu nikairudisha ilivyokuwa, pampu juu, na ikaanza tena krr, krr. Maitu, unajua mama yako alikuwa anakoroma. Miaka thelathini na tatu alikataa katakata, ati ni mimi. Alikuwa ni yeye, na alikuwa hivyo hivyo: krr, halafu kituo, halafu krr. Basi kila jioni nikipakua chakula naipindua, naiwasha, nakula nayo. Nikimaliza kula nazima. Fundi mzima wa miaka thelathini na moja, natafunisha pampu ya mtu hewa kwa makusudi! Nimeikagua yote tena, haijaumia. Mwombe mwalimu msamaha kwa kuchelewesha, lakini sababu usimwambie.

Jambo la pili. Pale kaburini nilikuambia, "Kabura, umechagua maji ya mashine kuliko udongo wa mama yako. Rudi kwa mashine yako." Padri akisikia, wajomba zako wakisikia. Ulikuwa umesema umebaki kulinda jaribio, kuona kama maji yanavuja, saa ishirini na nne. Ilinichoma kwa sababu mimi ni fundi. Jaribio la kuvuja halihitaji mtu. Unatandika karatasi chini ya paipu, unaenda zako, ukirudi unaangalia kama imelowa. Nilijua hivyo, na nilijua unajua. Lakini hasira nyingi ilikuwa ya msiba, na wewe ndiwe ulikuwa karibu, nikakumwagia wewe.

Ulimi hauna mfupa. Maneno yale ndiyo ya mwisho ulisikia kutoka koo langu. Daktari alipotoa tarehe ya operesheni nilikuwa na siku tisa za sauti. Nilishika simu kila siku, nikaitazama namba yako, nikasema kesho. Siku tisa, Maitu. Ningerudishiwa dakika moja ya sauti leo singeimba na singeongea na mtu mwingine. Ningekuita jina lako tu, unisikie. Sasa nimeliandika hapo juu, ndiyo njia niliyobakia nayo.

Umeuliza kama nataka uje. Nataka. Lakini usije kwa kunihurumia, na kazi ya mtu usiiache ikiharibika.

Mwanao,
Gathii


Kanduyi, Bungoma
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Kwako Baba,

Barua hii sikuipa dereva. Naileta mwenyewe leo jioni. Utaisoma nikiwa nimeketi mbele yako, maana najijua, nikifika nitashindwa kuongea na tutakuwa watu wawili bila sauti.

Mashine ilifika. Niliiwasha, nikafungua gemu nzito kuliko zote, nikangoja. Joto sitini na tano, halipandi. Nikaweka sikio kwenye chuma. Hakuna kitu. Fundi mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nilijua kwamba kuanzia siku hiyo wewe unakula kwenye kimya, nikaiacha chai yangu ikapoa.

Sasa yangu. Ni kweli jaribio halihitaji mtu. Siku ile ya mama, karatasi ilikuwa kavu saa kumi na mbili asubuhi, na gari la kwanza la Kitale lilikuwa bado linajaza. Ningewahi, Baba. Nilikaa kwenye kiti nikatazama karatasi kavu mpaka saa nne. Hakuna mteja aliyenishika, hakuna paipu iliyovuja. Niliogopa kuona sanduku likishuka. Nilifikiri nisipoona, kidogo tu, atakuwa bado yuko. Halafu nikaja na uongo wa kazi, na wewe ukanigombeza kwa huo uongo, na mwaka mzima nimekununia kana kwamba ulinionea. Hukunionea. Uliniambia maneno makali, lakini kosa langu lilikuwa kubwa kuliko ulivyolijua.

Mukhisa nimempa mashine yake jana. Akauliza, "Na Jumamosi ikianza kuria?" Nikamwambia haitalia, na hata ikilia, haihitaji mtu wa kukaa nayo. Akaiingiza kwenye begi la mgongoni. Halafu akaniambia nikusalimie.

Kwa hivyo kesho saa nne nitakuwa nimesimama pale kabla ya koleo la kwanza la saruji. Watu watazame wakichoka waache. Ukitaka kusema kitu, andika, mimi nitangoja umalize mstari wote.

Kuna jambo moja zaidi. Nilitaka kukuletea pampu mbovu ikae mezani ikukoromee, lakini nikakumbuka Nasike, jirani yangu wa ukuta. Kila asubuhi ananiambia eti nakoroma mpaka vikombe vyake vinasikia. Miaka mitatu nimemkatalia katakata, nikamwambia ni yeye.

Nitalala kile chumba cha karibu na meza. Nitaacha mlango wazi.

Ni mimi,
Maitu wako