Longino, Makaburi ya Yoba Hayajalimwa

Longino, ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, na Jumapili iliyopita, tulipotoka kwenye misa yako, Abubakari fundi wa mawe alikuja kutoka Muyinga akamweleza mkeo Gaudensia jambo ambalo wewe hukuwahi kumwambia.

Wanaosoma tangazo hili wajue kwanza. Nyuma ya nyumba yetu hapa Yoba, Gitega, kuna makaburi machache ya Wayahudi waliouza vitambaa zamani za Wabelgiji. Ndugu zao waliondoka, wafu wakabaki. Hakuna aliyekutuma, lakini uliporudi kutoka ukimbizini Tanzania ukaanza kuyafyeka, ukayazungushia ua wa minyaa.

Ulikuwa mtu wa huruma hata ulipokosea. Mgeni mmoja alikuja akaweka kokoto juu ya kaburi la babu yake. Asubuhi ukazifagia zote, ukidhani ni watoto wamechezea. Aliporudi kuaga akakueleza kwamba kwao kokoto ndiyo maua. Aibu ikakushika. Ukainama barabarani kuokota nyingine, ukamletea zimejaa kofia. Akacheka huku analia.

Lakini Gaudensia alichoka, usimlaumu. Shamba letu ni kama mkeka, na maumivu ya kiuno chake unayajua. Tangu uende, panga ni lake. Mwanao Eliud akawa anamwambia, "Mama, tulime pale. Wale wafu wanalalia maharage yetu." Mwisho akakubali. Mbegu zilikuwa zimeshachambuliwa.

Ndipo Abubakari akasema: "Mama Eliud, siku ile tunasimamisha jiwe lenye lilianguka, mi nilimuuliza, 'Mzee, we iko mukristo, mi muislamu, hawa wayahudi. Sasa tunatafuta nini hapa?' Akacheka sana. Akasema, 'Mama yangu nilimzika Kasulu, kambi ikafungwa, tukarudishwa. Nafyeka hapa. Labda na kule kuna mtu anamfyekea.'"

Gaudensia akakaa chini palepale mlangoni mwa kanisa. Mlilala kitanda kimoja miaka yote ile, na hilo ukalimeza peke yako.

"Ungeniambia, baba wee," akasema. "Ningelalamika kidogo kidogo."

Leo maharage tumeyapanda upande wetu wa ua, yatakayopatikana na yatoshe. Eliud alinuna, lakini panga alilishika, makaburi yote yakafyekwa. Ya msimu ujao hatukuahidi, Longino. Nguvu ni chache. Tutaona.

Tunaokukumbuka ni mwanao Eliud, aliyelala kwenye benchi kwa uchovu, na viatu vyake vya matope. Mkweo Lucia, aliyesinzia akinyonyesha. Wajukuu zako Damiano na Klara, waliochukuliwa na usingizi kabla ugali haujaiva. Utakaa nasi siku zote tutakazopewa. Jua bado liko juu, lakini mkeo Gaudensia kavua kitambaa cha kichwa, kajinyoosha upande wako wa kitanda, naye analala.